Pikipiki iliyolala: kabla hujatuma hela ya kabureta mpya

Mkoani Singida mvua huwa na msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi mwezi wa Aprili. Katika miezi hiyo watu wa Kinyangiri, kama wenzao wa kata nyingine za Wilaya ya Mkalama, huwa shambani. Mtama, uwele, mahindi na alizeti havimsubiri mtu. Kijana aliyekuwa akibeba abiria kutwa hushika jembe, na pikipiki husukumwa ndani ikafunikwa turubai. Alizeti ikishavunwa fedha huanza kuonekana na abiria hurudi. Turubai hutolewa, kiki hupigwa mara ishirini, na chombo hakiwaki.

Hapo ndipo simu inapopigwa mjini, kwa sababu baadhi ya wenye pikipiki hizi ni watumishi na wafanyabiashara walioko Singida, Dodoma au Dar es Salaam, ambao walimnunulia ndugu chombo cha kumpatia riziki. "Kaka, pikipiki imegoma. Fundi anasema kabureta imekufa, tutumie hela ya mpya." Kaka anatuma. Baada ya wiki mbili simu inalia tena, na safari hii inayodaiwa kufa ni injini. Kaka anaanza kumshuku mdogo wake, mdogo mtu anaona anadharauliwa, na chombo kilichonunuliwa ili kuunganisha ndugu kinawafarakanisha. Kumbe huenda tatizo la mwanzo lilikuwa uchafu mdogo kuliko punje ya ulezi.

Kabureta ni kitu cha zamani. Wajerumani Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliitumia katika pikipiki yao ya petroli ya mwaka 1885, na kazi yake haijabadilika. Huchanganya petroli na hewa kwa kipimo, takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Chini yake kuna kibakuli cha petroli, na ndani ya kibakuli kuna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayoziba njia. Ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Kutoka kibakulini petroli hupita katika vitundu viwili vya shaba ambavyo mafundi huviita jeti. Jeti ndogo hulisha injini ikiwa inanguruma pole pole, na jeti kubwa hulisha ukivuta mafuta. Tundu la jeti ndogo huwa chini ya nusu milimita.

Sasa petroli haikai kama maji ya mtungini. Kibakuli kina njia ya hewa, kwa hiyo sehemu nyepesi ya petroli, ile inayoshika moto upesi, huruka na kupotea. Inayobaki huungana na hewa, hugeuka rangi, hunuka kama vanishi, na mwisho huganda kama gundi. Miezi miwili au mitatu yatosha kuanza kuziba tundu dogo kama lile. Petroli ikiwa ya chupa, yenye maji au iliyochanganywa na mafuta ya taa, hali huwa mbaya zaidi. Uchakachuaji si jambo la kubuni. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa kusudi la kuwaondolea wachakachuaji faida.

Basi tufanyeje? Tusianze na spana, tuanze na pua. Fungua tangi unuse. Ikiwa petroli imechacha, imwage yote, kisha umulike ndani uone kama kuna kutu. Hakikisha swichi ya kuzimia injini haikuachwa imezimwa. Fungua chujio la hewa, kwani panya na nyigu hupenda kujenga humo. Tazama mipira ya petroli kama imepasuka, na kile kitundu cha hewa cha kifuniko cha tangi kama kimeziba, maana tangi lisipovuta hewa petroli haishuki.

Halafu fungua plagi. Ukiwa umepiga kiki mara kadhaa na plagi ni kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, ila ama imezidi ama cheche haitoki. Hilo la cheche halihusu kabureta hata kidogo, na mtu asikuuzie kabureta kwa kosa la plagi.

Baada ya hapo pikipiki yenyewe itakueleza inaumwa wapi. Ikiwaka ukiwa umevuta choki, na kuzima mara tu unapoirudisha, jeti ndogo imeziba. Ikinguruma vizuri pole pole lakini ikakata unapovuta mafuta, mtazame jeti kubwa. Petroli ikimwagika chini kupitia mpira wa kibakuli, sindano haizibi au boya limetoboka na kuingia mafuta. Na kama ukilegeza skrubu iliyo chini ya kibakuli hakuna kitu kinachotoka, ingawa tangi lina petroli na koki iko wazi, basi koki imeziba au sindano imeganda juu. Dalili hizi nne mtu anaweza kuzieleza kwa simu, na aliyeko mjini akaelewa.

Kusafisha si uchawi. Kinga petroli ya kibakuli katika chombo cha kioo uitazame; maji yakiwamo utayaona yametuama chini. Ukifika kwenye skrubu ya kurekebisha hewa, kwanza izungushe ndani taratibu mpaka iguse, huku ukihesabu ni mizunguko mingapi, uandike, ndipo uitoe. Wakati wa kuirudisha utairudisha pale pale. Toa jeti, ziloweke katika petroli safi au dawa ya kusafishia kabureta, kisha uzipulize kwa pampu. Iinue jeti juani. Usipouona mwanga kupitia tundu, haijasafika.

Hapa pana kosa linalogharimu watu wengi. Fundi mwenye haraka huchukua waya wa chuma na kuchokonoa. Shaba ni laini, tundu hupanuka, na tangu siku hiyo pikipiki hunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Lazima kuchokonoa? Tumia uzi mmoja wa ndani ya waya laini wa umeme, au mshipi mwembamba wa nailoni. Vipande vya mpira navyo visilowekwe katika dawa kali, vitavimba.

Kabla ya kuwasha, pima oili. Sindano iliyoshindwa kuziba huweza kupitisha petroli mpaka ndani ya injini. Oili ikiwa imepanda kuliko kawaida na inanuka petroli, imwage uweke nyingine, la sivyo utaiua injini nzima kwa kosa la kabureta. Huenda ile simu ya pili, ya injini, inaanzia hapa.

Ndugu msikilizaji, kuna hasara ambazo hela haizirudishi. Kazi hii ifanyike nje, mchana, mbali na jiko la mkaa, kibatari na sigara. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake una sumu. Usivute petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikikupalia huingia mapafuni. Wala isiwekwe katika chupa ya maji ya kunywa, kwa sababu mtoto hajui kusoma harufu. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Na kinga ni nyepesi kuliko yote haya. Siku ya kuilaza pikipiki, funga koki uache injini ingurume mpaka izime yenyewe, au mwaga petroli ya kibakuli kwa ile skrubu ya chini. Tangi la bati lijazwe kabisa, lisibaki na nafasi ya kushika kutu. Chomoa betri. Ni kazi ya robo saa.

Kwa ninyi mlioko mjini, fundi akitaka kabureta mpya, muulize maswali matatu: Plagi ni kavu au imelowa? Ikivutwa choki inawaka? Jeti zimeonekana mwanga? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa, na huyo mlipe ujira wake bila kumpunja. Zipo kabureta zilizokwisha kweli, zilizolika au kupasuka, na hizo zibadilishwe. Lakini iliyoziba huzibuliwa.

Kijijini pikipiki si ya biashara tu. Usiku mama anaposhikwa na uchungu, mara nyingi ndiyo gari la wagonjwa lililo karibu. Usiku huo si wakati wa kugundua kwamba petroli ya mwezi wa Desemba imeganda. Mpigie mdogo wako simu leo, kabla hajakupigia yeye, umwambie atoe turubai.