Banda Kuukuu kwa Kuku Wapya: Yanayotangulia Kununua Vifaranga



Mnunuzi anayepoteza vifaranga katika wiki ya tatu au ya nne humlaumu kwanza yule aliyemuuzia. Pengine ana haki. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo kifaranga hakuja nayo, bali aliyakuta yanamngoja sakafuni. Kwa hiyo leo nitazungumzia banda lililotelekezwa nyuma ya nyumba kwa miaka miwili mitatu, limejaa vumbi na samadi iliyogandamana, na mwenyewe ameamua kulifufua ili aepuke gharama ya kujenga jipya. Uamuzi huo ni mzuri, maana kuta na paa ndizo zinazokula fedha nyingi. Lakini utaratibu wa kazi ukigeuzwa, kilichookolewa kwenye ujenzi hupotea kwenye vifaranga.

Ushauri wa kwanza unahusu mfuko wako. Usilipe arubuni ya vifaranga kabla banda halijakamilika. Kifaranga wa siku moja hamsubiri fundi. Siku ya kumpokea ikifika, utampokea hata kama sakafu bado mbichi.

Kazi huanza kwa kutoa kila kitu: vyombo vya maji, viota, fito za kulalia, na takataka yote ya chini. Nyunyizia maji kidogo kabla ya kufagia na uzibe pua na mdomo, kwa kuwa vumbi la samadi kavu hudhuru mapafu. Samadi hiyo irundikwe mbali na banda, ifunikwe ioze, ndipo ipelekwe shambani. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua tabaka lote la juu lililochanganyika na kinyesi, kisha ujaze udongo safi na kuushindilia.

Banda likiwa tupu ndipo utaona hali yake halisi. Choma mihimili kwa ncha ya kisu. Panapozama kama kwenye mkate, mchwa wamekwisha kazi yao. Tazama paa wakati wa mchana ukiwa ndani, na kila nukta ya mwanga uizibe, kwani maranda yaliyolowa ndiyo malezi ya maradhi ya kuhara damu. Kuhusu wavu, watu wengi hununua ule mwepesi wenye matundu makubwa kwa sababu ni rahisi. Huo humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii panya asiingie. Kwa sehemu za chini nunua wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi, na uufukie kidogo ardhini.

Sasa niwaombe subira, kwa maana jambo hili husahauliwa kuliko yote. Banda lililokaa tupu halikosi wakazi. Papasi wa kuku hujificha katika nyufa za kuta na chini ya magome ya fito, hutoka usiku kunyonya damu, na anaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja bila kula. Utitiri nao hustahimili miezi mingi. Mwenye banda huingia mchana, haoni mdudu, akaridhika. Kuku wakishalala ndipo karamu inapoanza. Kuku hudhoofu, hupauka upanga, hutaga kidogo, na vifaranga hufa kwa kuishiwa damu huku mwenyewe akinunua dawa za kuhara. Basi pitisha kisu chembamba katika kila ufa na utazame kinachotoka. Fito za zamani zichomwe moto bila kuzionea huruma, kwani fito mpya hazina gharama kubwa. Nyufa zizibwe kwa saruji au udongo, na kuta zipakwe chokaa. Ukilazimika kutumia dawa ya wadudu, nunua iliyoandikwa kwenye kibandiko kwamba ni ya mabanda ya kuku. Dawa ya mboga au ya mahindi isiingie humo, maana mabaki yake yanaweza kuishia kwenye yai ambalo mwanao atalila.

Baada ya hapo osha kwa maji na sabuni, sugua, suuza, uache pakauke kabisa. Dawa ya kuua vijidudu hufuata baada ya kukauka. Wauzaji wengine husifu dawa zao kana kwamba zinaondoa haja ya ufagio. Dawa ya klorini, kwa mfano, ikikutana na kinyesi hupoteza nguvu kabla haijafika kwenye ukuta, na vimelea vya kuhara damu hustahimili dawa nyingi za kawaida. Hao hupunguzwa na kukwangua, kuosha na ukavu. Kabla ya kulipa, soma kipimo cha kuchanganya na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko usiinunue hata kwa nusu bei. Wala usichanganye dawa mbili kwa kudhani zitaongezeana nguvu, kwani baadhi hutoa hewa yenye sumu. Kisha banda lipumzike wiki mbili, madirisha wazi, bila ndege yeyote kuingia.

Katika muda huo pima eneo. Kwa kuku wa mayai, hesabu watano kwa kila mita mraba 1. Banda la mita 3 kwa 4 litatosha kuku 60. Muuzaji akikupunguzia bei ukichukua 100, punguzo hilo halitaongeza upana wa banda lako.

Ndipo uagize vifaranga. Uliza kama wamechanjwa dhidi ya mareki siku ya kuanguliwa, na jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na tarehe, aina na idadi. Ratiba ya chanjo ya gumboro na mdondo muulize mtaalamu wa mifugo wa eneo lako kabla vifaranga hawajafika. Kwa kuku wa asili, chanjo ya mdondo ya I-2, inayotengenezwa pia hapa nchini Tanzania, hutolewa tone moja la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Andika tarehe hizo kwa chokaa ya ubaoni nyuma ya mlango wa banda, mahali ambapo yeyote anayelisha kuku ataziona.