Macho Yaelekeako

Katika halmashauri ya kanisa mwenyekiti huketi penye meza. Lakini swali gumu likiulizwa, tazameni macho yetu: humgeukia mama mmoja aliyeketi karibu na mlango, asiye na cheo chochote. Akiinua uso, minong'ono hukoma. Akitikisa kichwa, shauri hilo limekwisha. Hatukumpigia kura, ila macho yetu yamekwisha kumchagua.

Ayubu aliyajua mambo hayo. Katika sura ya 29 akumbuka siku alipokuwa akienda langoni pa mji: vijana walijitenga, wazee walisimama, wakuu walinyamaza, mkono mdomoni. Kwa nini? Yeye mwenyewe aeleza: aliwasaidia maskini walipolia, na yatima waliokosa wa kuwatetea.

Basi tujiulize: yule tumtazamaye, twamtazama kwa kuogopa mali na sauti yake, au kwa kuwa aliketi nasi tulipofiwa? Na siku macho ya wengine yatakapotugeukia sisi, yataona nini? Macho ya watu ni amana, wapendwa, na Mungu naye anatazama.

Bwana atusaidie. Amina.