KUPIMA KAZI YA BOILA



Sisi wa reli tulipokuwa na injini za 59, zilizojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956, mafuta yakiisha mapema wa kwanza kuitwa ofisini alikuwa faremani. Tulikaripiwa, na boila haikupimwa.

Kupima si uganga. Ratili moja ya mafuta mazito ina joto kama vipimo 18,000 vya Kiingereza. Kugeuza ratili moja ya maji yaliyokwisha chemka yawe mvuke kwataka 970. Basi joto lote lingeingia majini, tungepata ratili 18 na nusu za mvuke. Tukipata 13, boila imefanya kazi saba katika kumi.

Tatu zimekwenda wapi? Nyingi hutoka na moshi. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua; lakini moshi usioonekana kabisa waweza kuwa hewa iliyozidi, nayo huchukua joto bure. Masizi nayo huziba mirija. Ndiyo maana tulitupa mchanga tanuruni injini ikivuta kwa nguvu, uyakwangue. Lakini gamba la chokaa upande wa maji, hilo faremani haliwezi, atoke jasho namna gani! Kuliondoa ni kazi ya shedi, na shedi ikikawia tusilipishwe sisi.

Ninyi mlio kwenye boila za viwanda vya chai, andikeni kila zamu maji yaliyoingia na kuni au mafuta yaliyochomwa. Maji yaliyovuja au kumwagwa msiyahesabu kuwa mvuke. Siku mkiitwa ofisini, ingieni na daftari hilo.