Silikoni Haichukui Nafasi ya Gasketi

Mada kwa wahudumu wa bodaboda, mafundi na wenye pampu za maji, Kulesa



Mada ya leo ni tyubu moja ndogo: silikoni, ile gundi ya kuzibia injini inayouzwa kwenye maduka ya spea. Ikitumiwa inavyostahili, inasaidia. Ikitumiwa ovyo, inaua injini, na injini ya pikipiki ikifa njiani kuna watu juu yake.

Pikipiki katika sehemu hii ya Tana River ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali ya Ngao na kufikisha mazao Garsen. Nyingi zimezeeka. Wenyewe hawazitupi, bali huzifungua na kuzijenga upya, na hiyo ni busara. Tatizo liko katika namna zinavyofungwa.

Fundi anafungua kifuniko cha klachi, gasketi inararuka. Duka la karibu halina nyingine. Malindi iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, na mwenye pikipiki anataka kurudi kazini jioni hiyo hiyo. Fundi anapaka silikoni nene, anakaza bolti, anafuta iliyotoka nje. Injini inawaka, oili haivuji, kila mtu anaridhika.

Kilichoingia ndani

Gundi inapobanwa kati ya vyuma viwili, hutoka pande zote mbili. Ya nje inafutwa. Ya ndani inabaki ikining'inia kama uzi wa mpira, ikioshwa na oili ya moto hadi inakatika na kuanza kusafiri.

Pikipiki nyingi za mizigo Afrika Mashariki zina injini zilizoigwa kutoka Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Injini hiyo hutumia takriban lita moja tu ya oili. Haina chujio la karatasi kama la gari. Ina wavu mdogo wa chuma na chombo kinachozunguka ili kutenga uchafu. Vipande vya silikoni vikijaa kwenye wavu, pampu inakosa oili ya kuvuta. Kipande kikiingia kwenye tundu jembamba, beringi ya krenki inakauka.

Kijiti cha oili kitaonyesha oili imejaa. Mwendeshaji ataamini mambo ni sawa, kumbe oili haifiki inakohitajika. Kwanza itasikika sauti ya kugonga. Baadaye injini hushika, na ikishika kwa kasi gurudumu la nyuma linaweza kujifunga. Hapo mwendeshaji na abiria wake wanaanguka pamoja.

Madhara mengine matatu

La kwanza, gasketi ina unene wake maalum. Ile iliyo chini ya silinda huacha nafasi kati ya pistoni na valvu. Fundi akiiondoa na kuweka gundi, nafasi hiyo inapungua na vyuma vinaweza kugongana. Na gasketi ya juu, chini ya kichwa cha silinda, hukaa penye moto wa mlipuko wenyewe. Hapo silikoni haina uwezo wowote.

La pili ni petroli. Petroli huvimbisha silikoni ya kawaida na kuilegeza. Isitumiwe kwenye kabureta wala kwenye koki ya tangi, kwa sababu vipande vyake huziba jeti, na mafuta yakivuja juu ya injini ya moto ni hatari ya moto.

La tatu ni matundu ya bolti. Tundu lisilotokea upande wa pili likijaa gundi, bolti ikikazwa gundi haina pa kwenda. Aluminiamu inaweza kupasuka.

Wakulima wenye pampu kando ya Mto Tana nao wasijione wako nje ya mada hii. Injini ya pampu ina pistoni, krenki na oili vile vile, na ikisimama wakati mahindi yanahitaji maji, hasara iko shambani.

Njia iliyo sahihi

Kukosa gasketi ya dukani si sababu ya kumwaga gundi. Karatasi ya gasketi huuzwa kwa kipande. Fundi huiweka juu ya kifuniko, akagongagonga ukingo kwa nyundo ndogo mpaka umbo likatike, kisha akatoboa matundu ya bolti na njia za oili. Achague karatasi yenye unene sawa na ile ya zamani. Hii inafaa kwa vifuniko vya pembeni. Gasketi ya kichwa cha silinda lazima inunuliwe.

Gundi ya zamani iondolewe yote bila kukwaruza chuma kwa kisu, maana mkwaruzo ndio mwanzo wa uvujaji mwingine. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na si kumaliza upande mmoja kwanza.

Zipo sehemu ambazo mtengenezaji mwenyewe ameagiza gundi, kama vile mpira unapopita waya. Hapo upakwe utando mwembamba, kwenye chuma kikavu kisicho na mafuta, kisha uachwe. Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa. Ngozi ya juu hushika kwa dakika chache, lakini nyingi huhitaji saa 24 kukauka hadi ndani. Anayejaza oili na kuwasha papo hapo ameosha gundi yake mwenyewe.

Mwenye pikipiki naye ana wajibu. Amuulize fundi: umeweka gasketi au gundi tupu? Ikiwa ni gundi tupu, injini ifunguliwe, wavu usafishwe na kifuniko kifungwe upya kabla ya kubeba abiria. Na asimharakishe fundi anayesema kazi itaisha kesho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa injini nao uzibwe, ila kwa kinachostahili. Siku moja ya kungojea gasketi ni nafuu kuliko krenki mpya, na maisha ya abiria hayauzwi dukani.