Tope la Khambhat



Sisi tuliorithi maduka hupenda kujisifu kwamba babu zetu walivuka bahari. Tuitazame basi Khambhat, bandari kuu ya Gujarat katika zama za kati. Vitambaa vyake vya pamba na shanga zake za akiki nyekundu vilifika Kilwa, na pembe za ndovu zikapelekwa huko kutoka pwani hii. Mji huo haukuangushwa na upanga. Mito ilishusha tope ghubani mwaka hata mwaka, kina kikapungua, merikebu kubwa zikashindwa kukaribia. Karne ya 17 ilipofika, Surat ndiyo iliyotajwa. Nayo Surat ikaja kupitwa na Bombay.

Wenye mitaji walihama. (Tusiwalaumu; nasi wana wetu wako Leicester na Toronto.) Waliobaki ni watoboa shanga, ambao hata leo wanaikata akiki hukohuko, ufundi ukirithiwa baba kwa mwana. Ndiyo maana tumeomba jioni hii tulijadili darasa la Jumapili, lililobakiwa na watoto wanne, kabla ya kujadili rangi ya mnara.