Kenya: Nani Aliyeivunja Nyumba?

Mwezi wa Aprili 1954 majeshi ya serikali ya kikoloni yaliuzingira mji wa Nairobi na kuwakamata Waafrika kwa makumi ya maelfu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kisha watu zaidi ya milioni moja waling'olewa mashambani mwao, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa kwa bunduki. Baba kizuizini, mama katika kazi za shuruti, mtoto barabarani. Ndipo serikali iyo hiyo ilipolalamika kwamba mji umejaa watoto wahalifu!

Wakati huo wataalamu wa Magharibi walidai kwamba uhalifu wa mtoto waweza kutabiriwa kwa kuitazama nyumba yake. Mwaka 1950 Sheldon Glueck na mkewe Eleanor, wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitoa kitabu kilicholinganisha wavulana 500 wahalifu wa Boston na 500 wasio wahalifu. Wakatunga jedwali la mambo matano: jinsi baba anavyoadhibu, jinsi mama anavyomwangalia mtoto, pendo la baba, pendo la mama, na mshikamano wa jamaa. Mtoto wa miaka sita, walisema, atajulikana mapema.

Kwamba malezi yana uzito, hakuna anayebisha. Lakini katika hesabu ile nusu nzima ya wavulana walikuwa wahalifu, na hakuna mtaa ulio hivyo. Jedwali likipelekwa mitaani, huwatia alama ya uhalifu watoto wengi ambao hawataiba hata sindano. Wala halikuuliza nani aliyeivunja nyumba.

Jedwali hilo lingewahukumu wavulana wa Nairobi bila kusita. Lakini Geoffrey Griffin hakuwahukumu. Huyu alikuwa Mzungu mzaliwa wa Kenya, ofisa wa King's African Rifles, aliyekataa kuendelea na jeshi kwa sababu ya mateso aliyoyaona. Akaenda kufanya kazi na vijana waliozuiliwa katika kambi ya Wamumu. Mwaka 1959 yeye, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe, kwa vibanda vya mabati, ili kuwapokea watoto wa mitaani. Gikubu mwenyewe alikuwa amepata kuwekwa kizuizini kwa ajili ya Mau Mau. Basi ofisa wa zamani na mahabusu wa zamani wakawalea pamoja watoto ambao vita vile vile viliwanyang'anya wazazi. Starehe ikawa miongoni mwa shule zinazoongoza Kenya katika mitihani, na Griffin aliisimamia mpaka alipofariki mwaka 2005.

Sheria yenyewe ilichelewa. Mpaka ilipopitishwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto wa Kenya mwenye miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai. Sasa ni lazima awe ametimiza miaka 12. Polisi wa doria wa Nairobi anayemkuta saa nane za usiku mtoto wa miaka 10 amekumbatia betri ya gari hana tena mshtakiwa mbele yake. Ana mtoto, na hana budi kuuliza ni wa nani.