Dhamana Isiyouzika: Mikopo ya Mshahara na Gharama Zake



Tuanze na hesabu, maana katika mada hii wengi huanza na hasira, na hasira haijui kujumlisha. Chukueni mkopeshaji mdogo wa mjini. Amekopesha watu mia moja, kila mmoja shilingi 100,000, kwa mwezi mmoja, kwa riba ya asilimia 15. Mtaji wake umetoka milioni 10. Wakirejesha wote atavuna 1,500,000. Lakini hawarejeshi wote. Kumi wakitokomea, atakusanya riba ya 1,350,000 kwa wale tisini na kupoteza mtaji wa 1,000,000. Zimebaki 350,000, na bado hajalipa pango, leseni, karani, wala yule aliyempa mtaji. Kumbukeni pia kwamba kuandika mkataba wa laki moja kunachukua muda uleule wa kuandika wa milioni kumi. Kwa hiyo mtu akisimama akasema asilimia 15 kwa mwezi ni wizi mtupu, mimi siungi mkono upesi.

Sasa watazameni wale kumi. Mkopeshaji afanye nini wapungue? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kumchunguza mwombaji kabla ya kumpa: mshahara wake, madeni mengine, kinachobaki mfukoni baada ya makato. Hiyo inakula muda na fedha. Ya pili ni kushika kitu ambacho mkopaji hawezi kuvumilia kukipoteza. Hiyo haimgharimu mkopeshaji hata senti.

Benki nayo hushika kitu, mtanikumbusha. Ndiyo, hushika hati ya kiwanja. Ukishindwa, kiwanja kinapigwa mnada, deni linalipwa, na kikizidi unarudishiwa chako. Dhamana ile ina bei sokoni. Lakini katika mikopo hii ambayo Watanzania wameibatiza kausha damu, mwalimu anakabidhi kadi ya ATM pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anatangulia kwenye mashine, anatoa chake, kisha anampigia simu mwenye mshahara aje achukue makombo. Tunayo kanuni njema inayotaka makato yamwachie mtumishi angalau theluthi ya mshahara wake. Kanuni hiyo inaishi ofisini kwa mwajiri, kwenye orodha ya malipo. Kadi inaipita kwa nyuma, kwa sababu fedha zikishaingia kwenye akaunti, kwa mujibu wa karatasi mwalimu amelipwa yote anayostahili.

Programu tumizi za simu zimevumbua dhamana nyepesi zaidi: orodha ya namba zako. Siku ya rejesho ikipita, mkweo, mwenyekiti wa mtaa na bosi wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Kenya ilitunga sheria Desemba 2021 kuwaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu, na kanuni za 2022 zikakataza vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Hapa kwetu Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini.

Kadi na aibu naziita dhamana isiyouzika. Mkopeshaji akikuvunjia heshima hapati shilingi. Hakuna mnada wa heshima. Thamani yake yote iko kwako wewe unayeipoteza. Katika uchumi hii ni hasara tupu, kwa kuwa anachopoteza mmoja hakimfikii mwingine. Tena mwenye dhamana ya namna hii haoni haja ya kuuliza kama unaweza kulipa. Kwa nini apoteze nusu saa kukagua hati ya mshahara wakati kadi iko kwenye droo yake?

Msidhani ni uvumbuzi wetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika miji ya Marekani, kulikuwa na ofisi chungu nzima za kukopesha wafanyakazi kwa kushika mishahara yao. Baadhi ya ofisi hizo ziliajiri wanawake ambao kazi yao ilikuwa kwenda anakofanyia kazi mdaiwa na kumfokea kwa sauti mbele ya wenzake mpaka alipe. Kinachofanywa leo na ujumbe wa simu kilifanywa kwa koo la binadamu. Mwaka 1916 taasisi ya Russell Sage ikapendekeza sheria ya mfano kwa majimbo: mikopo isiyozidi dola 300 itozwe hadi asilimia 3.5 kwa mwezi, na mkopeshaji awe na leseni. Kwa wakati ule kiwango hicho kilikuwa juu sana kuliko ukomo wa riba wa kawaida. Kiliinuliwa makusudi, ili mtaji halali uingie na kumfukuza mfokaji.

Nimeshtuka kidogo kuona kwamba kwetu, kwa wakopeshaji wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo uleule wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Sidai kwamba tumenakili. Ninachotaka ni turudi kwenye hesabu yetu. Kwa asilimia 3.5, wakitokomea watu watatu kati ya mia, mkopeshaji anabakiwa na 39,500. Wakitokomea wanne, ameshaingia hasara. Alikuwa anaweza kuwavumilia kumi. Sasa hawezi kuwavumilia wanne. Atafanya nini? Mwaminifu atafunga duka, au atawapa wenye kiwanja peke yao. Asiye mwaminifu ataing'ang'ania kadi kwa mikono miwili, na tofauti ya riba ataipachika jina la ada ya fomu. Ukomo wa riba usioandamana na katazo la dhamana isiyouzika unamsukuma mkopeshaji kwenye dhamana hiyohiyo. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Kenya walionja sehemu ya jambo hili. Sheria ya 2016 ilifunga riba za benki kwa asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki zikapunguza kuwakopesha wadogo, na mwaka 2019 ukomo ukaondolewa. Wakati huohuo M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza 2012, ikaendelea kutoza asilimia 7.5 kwa siku thelathini, kwa kuwa malipo yake yaliitwa ada.

Mtaniuliza kuhusu vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopeshana. Swali zuri. Kikoba kinaweza kutoza asilimia 5, hata 10 kwa mwezi, na aibu ipo tele: unasimama mbele ya akina mama wenzako kueleza kwa nini rejesho halijaja. Mbona hakuna anayekiita kausha damu? Kwa sababu riba unayolipa inarudi kwako siku ya kuvunja kikoba, kama gawio la hisa zako. Na anayekudai anajua kwamba mwanao alilazwa wiki iliyopita. Mkopeshaji wa mshahara, kinyume chake, anafaidi zaidi usipomaliza. Marekani, ambako mkopo wa wiki mbili hutozwa dola 15 kwa kila 100, sawa na takriban asilimia 391 kwa mwaka, ofisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ilibaini mwaka 2014 kwamba mikopo minne kati ya mitano hurefushwa au hufuatwa na mwingine ndani ya siku 14. Mkopaji huyo hakopi tena kwa kupenda. Anakopa kuziba tundu la mkopo uliopita.

Pendekezo langu ni fupi. Mkataba wowote ambao mkopeshaji ameshika kadi, namba ya siri au orodha ya simu, usidaike mahakamani: riba na mtaji vyote vipotee. Hapo uchunguzi wa mwombaji utakuwa nafuu kuliko kadi. Baada ya hapo ndipo tujadili kama 3.5 inatosha, mimi nadhani kwa mikopo midogo kabisa haitoshi, na najua nitalaumiwa kwa kusema hivyo.

Kuna mkopeshaji mmoja ambaye sijamtaja. Mwalimu aliyehamishwa kituo bila kulipwa posho ya uhamisho, ambaye malimbikizo yake yanazunguka ofisini mwaka mzima, amemkopesha mwajiri wake. Amemkopesha bila riba, bila dhamana, na bila tarehe ya rejesho. Kisha anatembea hadi kwa mwenye droo ya kadi kuazima fedha zilezile kwa asilimia 20. Kama 3.5 kwa mwezi ndiyo bei ya haki, basi malimbikizo ya watumishi nayo yalipwe kwa bei hiyo tangu siku yalipostahili. Ningependa maswali yaanzie hapo.